Mkoko wa Insha na Mkoko wa Majini

Katika muhula wa pili wa mwaka 2025 nilialikwa na mwalimu mmoja, ambaye miaka minane awali alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, nimtembelee katika shule anakofundisha pwani ya kusini, baina ya Diani na Msambweni. Anafundisha Kiswahili katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, na alikuwa ameniandikia kulalamika kwamba insha za wanafunzi wake zinafanana kama sarafu. Nilipofika, baada ya salamu, alinitwika rundo la madaftari ya Gredi ya 8. Mada ya majuma yale ilikuwa mazingira.

Niliyasoma yote 41. Takriban yote yalifungua kwa fasili ileile kwamba mazingira ni jumla ya vitu vyote vinavyomzunguka binadamu. Mengi yalionya kuwa ukataji wa miti huleta jangwa, onyo la ajabu kidogo kutoka kwa watoto ambao maji ya bahari huwafikia karibu na mlango wa jikoni. Na katika madaftari yasiyopungua 20, mara tu mambo yalipokaribia kuharibika, niliikuta sentensi moja iliyonakiliwa kwa uaminifu mkubwa: hapo ndipo mkoko ulipoalika maua.

Msomaji aliyepita katika shule zetu anaijua sentensi hiyo. Imo katika orodha za misemo ambazo mwanafunzi wa Kenya hukaririshwa ili aipambe insha yake, na mtahini naye amezoea kuipigia mstari na kuiongezea alama. Mtoto wa Nyeri huiandika, na wa Bungoma vilevile, bila ya yeyote kati yao kuwahi kuuona mti wenyewe. Hao siwalaumu. Lakini watoto niliokuwa nikiwasoma wanaishi kando ya mikoko. Kuni zao, kaa wao wa mchuzi na fito za kuta zao hutoka humo.

Kesho yake mwalimu aliniachia kipindi. Nikawauliza wanafunzi: ni nani kati yenu anayeweza kuniambia mkoko ni nini? Darasa likanyamaza. Nikadhani ni haya ya mgeni. Hatimaye msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainuka na kuniuliza kwa adabu kamili:

“Mkoko upi, mwalimu? Wa insha au wa majini?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana lile swali lilinirudisha katika darasa langu mwenyewe. Mwalimu wa watoto wale ni mimi niliyemfunza namna ya kupanga masomo kwa mada.

Naomba nieleze nilivyomfunza. Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika Gredi ya 7 Januari 2023, umelipanga somo la Kiswahili kwa mada. Mada kama usafi wa kibinafsi au lishe bora huchukuliwa na kupitishwa katika kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, kisha mada nyingine hufuata. Kabla ya hapo sisi wa vyuoni tulikuwa tukiihubiri mbinu hiyo kwa muda mrefu, na chombo chetu kikuu kilikuwa karatasi kubwa ya manila. Katikati huchorwa duara, ndani yake huandikwa MAZINGIRA, na kutoka katika duara hiyo hutolewa miguu kama ya buibui: shairi kuhusu miti, ufahamu kuhusu takataka, methali, mjadala, imla, wimbo. Walimu hupenda sana zoezi hilo, kwa kuwa halimshindi mtu. Kila linalotajwa hupata mguu wa kuning'inia, na karatasi ikijaa huonekana kana kwamba kazi imekwisha. Katika miaka yote niliyolisimamia sikumbuki hata mara moja tulipokikatalia kitu nafasi.

Matokeo yake niliyaona katika andalio la mwalimu wangu. Kifungu cha kusoma kilihusu mazingira. Kipindi cha sarufi kilichofuata kilihusu upatanisho wa ngeli, na mifano yake ilikuwa kikombe kuvunjika na viti kununuliwa. Kusikiliza na kuzungumza kulirudia umuhimu wa miti. Kisha insha. Mada ilikuwa imepakwa juu ya vipindi kama chokaa juu ya ukuta. Ukiibandua, vipindi vinabaki vilevile. Mtoto aliyefikia kuandika hakuwa na jambo lolote la kusema ambalo hakulijua tangu Gredi ya 4, ndiposa akachota kutoka katika ghala la misemo.

Mbinu hii yenyewe si ngeni wala si mbaya. John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, na humo watoto walijifunza hesabu na historia kwa kupika, kufuma na kujenga. Hapa kwetu, ile mbinu mpya ya shule za msingi iliyoanzia katika Kituo Maalumu cha Nairobi mwaka 1957 ilitaka watoto wajifunze kwa shughuli, ingawa kwa Kiingereza, nayo ilienea upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Wale wa sekondari watakumbuka mtaala wa mseto uliotokana na silabasi ya mwaka 2002, ambao ulikusudiwa kuifunga ndoa lugha na fasihi. Katika shule nyingi nilizozuru, mchele na pojo ziliendelea kuchemshwa katika vyungu viwili na kukutanishwa sahanini siku ya mtihani.

Chuo chetu kilikuwa likizoni. Nikamwambia mwalimu kwamba ningekaa Ukunda kwa jamaa zangu majuma matatu, na kwamba tungeipanga mada hiyo upya, mimi na yeye, kwa vipindi 12. Kiswahili kina vipindi vinne kwa juma katika daraja hilo, kila kimoja dakika 40, kwa hiyo tulikuwa na majuma matatu kamili na dakika 480, wala si zaidi. Alikubali, ila alitoa sharti.

“Daktari,” akasema, “hapana manila.”

Tuliketi kwake jioni ile tukaanzia mwishoni. Je, tungetaka mtoto awe anaweza kufanya nini juma la tatu likiisha? Barua rasmi imo katika mtaala. Basi tukaazimia kwamba kila mwanafunzi aandike barua rasmi kwa kamati ya msitu ya kijiji, barua itakayopelekwa kweli na kusomwa na watu wazima wasiomjua. Baada ya hapo ndipo tulipotafuta swali. Jaribio letu la kwanza lilikuwa: kwa nini mikoko ina umuhimu? Tukalifuta, maana jibu lake mtoto analo tayari na ndilo lililojaza madaftari 41. La pili lilikuwa: mikoko ni ya nani? Hilo lilikuwa na uhai, lakini lilielea. Mwisho mwalimu mwenyewe akaliandika hili: ni nani aruhusiwe kukata mkoko, na kwa masharti gani?

Nililipenda swali hilo kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na jibu lake. Zaidi ya hayo, darasani mlikuwa na watoto wa wakataji fito, watoto wa wavuvi, na watoto wa akina mama wanaootesha miche. Wasingeweza kukubaliana kwa urahisi, na asiye na wa kumbishia hana haja kubwa ya lugha.

Kisha tukayakusanya mambo ambayo hakuna mtoto angeweza kuyajadili bila ya kuyajua. Misitu ya mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya serikali ya kikoloni kama hifadhi mwaka 1932. Mwaka 1982 kuuza boriti nchi za nje kulipigwa marufuku, na biashara ya karne nyingi ikakoma: majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu. Katazo la mwaka 2018 la kukata miti katika misitu ya umma nalo liliwagusa wakataji wa Lamu, ambako ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi hii. Na karibu kabisa na shule yetu, watu wa Gazi na Makongeni wamekuwa tangu mwaka 2013 wakihifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja, na kuuza nje ile hewa ya kaboni ambayo miti hiyo huizuia. Fedha zake zimetumika kwa maji na kwa shule. Mtu wa Ulaya anamlipa mtu wa Gazi ili asikate! Mtoto wa miaka 13 akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, huwa na maswali.

Sasa nifikie sarufi, ambayo ndiyo taaluma yangu na ndiyo iliyonistaajabisha zaidi. Mimi ni katika wale waliowahi kusema hadharani kwamba sarufi haifungamani na mada. Kwamba ngeli ni ngeli, iwe kwa vikombe au kwa miti. Nilikuwa nimekosea. Tazama mawimbi ya bahari hii ya kwetu. Mtoto anayetaka kueleza bahari inavyokwenda hawezi kufanya hivyo kwa -na- peke yake. Maji yanajaa, hiyo ni sasa hivi. Maji hujaa, hiyo ni desturi ya kila siku. Msitu wa mikoko unaishi katika tofauti hiyo. Na hapo hapo linatokea suala la vitenzi vya silabi moja, ambalo walimu hulifundisha kwa -la na -nywa hadi mate yakawakauka: tunasema maji yamekupwa, kwa ku-, lakini maji hupwa, bila ya ku-, kama vile tunavyosema nimekula lakini mimi hula. Wanafunzi walipogundua kwamba neno pwani lenyewe ni mahali maji yanapokupwa, kulikuwa na mguno darasani ambao sijausikia katika mihadhara yangu ya isimu.

Vivyo hivyo ngeli. Mkoko na mikoko, U-I. Ufito na fito, U-ZI. Boriti na boriti, I-ZI. Kaa anayetembea kwa ubavu matopeni ni wa A-WA, na wenziwe ni kaa vilevile. Kaa la moto ni la LI-YA, na wingi wake ni makaa. Mvulana mmoja aliandika “kaa wameharibu msitu” akikusudia makaa yanayochomwa kwa siri, na wenzake wakamtetea kaa asiye na hatia kwa kumsahihisha upatanisho. Hapo mwalimu hakuwa na haja ya kueleza kwa nini upatanisho una maana. Kosa la mtoto yule lilikuwa limemshtaki asiyehusika.

Msamiati nao ulikuwa umelala mlangoni petu. Wanafunzi walijua mkoko, lakini baadhi yao waliliita kila mti wa majini jina hilo. Kenya ina aina tisa za miti hiyo. Tuliwatuma kwa wazee wao kuuliza, wakarudi na mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na tena wakiweza kupambanua: mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, mchu huchomoza mizizi yake ardhini kama penseli ili upate hewa. Wakarudi pia na majina ya miti iliyokatwa, ambayo hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na kipimo cha kuuzia, korija, ambayo ni miti 20.

Hilo la korija lilitutoka mikononi. Mwalimu wa Hisabati, kijana ambaye alikuwa akitutazama kwa mashaka, aliliokota akalipeleka katika kipindi chake: mtu akiwa na korija saba na miti 13, ana miti mingapi? Ni 153, na hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini aliitumia kuwafundisha kwamba watu wanaweza kuhesabu kwa ishirini ishirini kama wanavyohesabu kwa kumi. Aliwaeleza pia kuhusu zile nyumba za kale za mawe za Lamu, ambazo vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kuuzidi urefu wa boriti inayobeba dari. Tangu siku hiyo alikuwa akija kuketi nyuma ya darasa letu. Sikuwa nimempangia hata mguu mmoja wa buibui.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba kila kitu kilikwenda mrama kwa wengine na kwetu kikawa sawa. Juma la kwanza tulipanga kuwapeleka wanafunzi msituni. Siku chache kabla, mwezi ulipokuwa mpevu, tulitembea huko mimi na mwalimu saa nne asubuhi tukakuta matope matupu hadi mbali. Tukaandika katika andalio: ziara, saa nne asubuhi, juma lijalo. Siku hiyo tukafika tukiwa na watoto 41, madaftari na mkebe wa biskuti, tukakuta maji yamejaa hadi magotini. Wanafunzi walikuwa wametulia kimya njia nzima. Nilimuuliza mmoja wao iwapo alijua.

“Nilijua, mwalimu. Lakini nyinyi ndio mliopanga.”

Jibu hilo lilinichoma kuliko kicheko cha siku ya kwanza. Ni jibu la mtoto aliyefundishwa kwamba ajualo nyumbani haliingii katika andalio la somo. Tuliketi chini ya mnazi, tukabadilisha kazi. Tukawaomba watueleze sisi, kwa maandishi, kwa nini tulikosea. Walieleza kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukizidisha mara saba unapata dakika 350, yaani saa sita kasoro kidogo, muda unaotosha kuyageuza maji ya kupwa kuwa maji ya kujaa. Walieleza bamvua na maji mafu. Maelezo yale, yaliyoandikwa kwa kalamu za kuazimana mchangani, yalikuwa na hu- mahali pake na hayakuwa na msemo hata mmoja.

Jambo la pili lililotuharibikia ni ziara ya mzee mmoja aliyewahi kukata boriti. Tulimwalika azungumze dakika 20. Alizungumza kipindi kizima na nusu ya kile cha Sayansi. Hatukuwa tumewapa wanafunzi maswali ya kumuuliza, tukidhani heshima ingetosha. Nusu ya darasa ilisinzia. Ni makosa ya kitoto kwa mtu mwenye shahada yangu, nami nayataja ili mwalimu atakayemwalika mzee asiyarudie: mgeni apewe maswali siku moja kabla, na kila mwanafunzi awe na jambo moja ambalo lazima aondoke nalo. Mzee mwenyewe hakuona kasoro yoyote. Aliondoka akisema kwamba siku hizi watoto wana adabu ya kusikiliza.

Mjadala wa juma la tatu ndio uliolipa gharama hizo zote. Upande mmoja ulitaka mikoko isikatwe kabisa. Mvulana mmoja alisimama akasema kwamba nyumba yao imejengwa kwa fito na pau, na kwamba kama babake angezuiwa, wangelala wapi? Msichana yule wa dirishani akamjibu kwamba kama wote wangekata, samaki wadogo wangekosa mahali pa kukulia, na babake yeye angerudi na dau tupu. Ndipo mwalimu akaandika ubaoni sentensi zao mbili, akapigia mstari -nge- katika zote. Hakuwa amepanga kufundisha hali ya masharti siku ile. Ilikuwa katika juma lililofuata kwenye maazimio yake ya kazi. Aliileta mbele papo hapo. Naam, mwalimu anayejua mtaala wake vyema huweza kufanya hivyo, na asiyeujua hawezi. Wanaodai kwamba mada humpunguzia mwalimu kazi ya kujua sarufi hawajawahi kuifundisha.

Mwalimu mkuu alikuwa amenisikiliza kwa uvumilivu. Siku ya mwisho aliniita ofisini, akaniuliza iwapo tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, ambayo ilikuwa inakaribia kufanywa kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 2025, ingeuliza habari za korija. Nilikiri kwamba haingeuliza. Aliniuliza pia nini kilichoachwa ili mikoko ipate majuma matatu. Nilimwambia ukweli: vipindi viwili vya matamshi ya vitate vilikuwa vimesukumwa mbele, na kipindi kimoja cha ushairi kilikuwa kimepotea kabisa. Ni hasara. Asiyetaka kupoteza chochote asipange kwa mada, kwani kupanga ni kuchagua, na mimi ningependa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iseme wazi ni mada zipi ambazo mwalimu anaweza kuzipitia kwa kipindi kimoja tu ili apate majuma ya kukaa katika mada moja. Ilivyo sasa, mwalimu hutakiwa kuzikimbilia zote kwa mwendo mmoja, na hakuna anayejifunza mti kwa kuupita mbio.

Na mwalimu mwenyewe ni nani? Wengi wa walimu wa daraja hili waliajiriwa tangu mwaka 2023 kwa mikataba ya uanagenzi yenye malipo duni, wakagoma mwaka 2024 ili haki yao itambuliwe. Aghalabu mwalimu mmoja hubeba masomo manne au matano, mengine ambayo hakuyasomea. Mtu wa namna hiyo haulizwi kwa nini andalio lake limenakiliwa kutoka kwa jirani. Lakini nina hoja moja ya kumpa, na nimeiona kwa macho yangu: mwalimu anayefundisha Kiswahili, Kilimo na Elimu ya Jamii katika darasa moja anaweza kuuliza swali moja kwa majuma matatu katika vipindi vyote hivyo, asome mara moja na kufundisha mara tatu. Ule mzigo wa masomo mengi, ambao ni dhuluma, ndio unaompa nafasi ambayo mwalimu wa somo moja hana. Siitetei dhuluma hiyo. Nasema tu kwamba ingawa haijaondolewa, njia hiyo ipo.

Ninao wasiwasi kwamba makala haya yakisomwa huko Kericho mtu atawapa wanafunzi wake kazi kuhusu mikoko. Tafadhali asifanye hivyo. Kericho kuna chai, na swali la nani anayestahili kulipwa nini, mkono unaochuma au mashine iliyouondoa. Mwea kuna majaruba ya mpunga na maji ya mfereji ambayo jirani wa juu huyapata kabla ya jirani wa chini. Mtoto wa Kibera anajua bei ya mtungi wa maji kuliko waziri. Kila mahali pana jambo ambalo watu wazima wanalibishania jioni, lenye maneno yake, vipimo vyake na historia yake, na aghalabu lenye kipengele cha sarufi kilichojificha ndani yake kikisubiri mwalimu mwenye sikio.

Barua 41 ziliandikwa. Mwalimu alizisahihisha, zikanakiliwa upya, zikapelekwa. Nilikuwa nimekwisha kurejea Nairobi aliponitumia picha ya barua moja kwa simu. Ilikuwa ya msichana wa dirishani. Anwani mbili zilikuwa mahali pake, na mada ya barua ilipigiwa mstari. Katika aya ya pili alieleza kwamba familia chache zinazojenga ziruhusiwe kukata fito na pau, kila moja korija mbili kwa mwaka, na kwamba nguzo zisiguswe. Kisha akaendelea: mikoko ya upande wa kijito imealika maua, kwa hiyo tunaomba isikatwe hadi mbegu zake zidondoke na kushika matopeni.

Chini ya picha mwalimu alikuwa ameandika swali. Kwa mujibu wa mwongozo wake wa kusahihisha, mwanafunzi huongezewa alama moja kwa kila msemo uliotumika ipasavyo. “Daktari, hapa nimpe alama ya msemo au nisimpe?”

Nilimjibu asimpe ya msemo. Ampe ya hoja. Kamati ya msitu, aliniarifu baadaye, iliketi kuzisoma barua hizo Jumamosi iliyofuata, na ikamtuma mjumbe shuleni kuuliza huyo aliyependekeza korija mbili alizipataje.